Aproni ya Bluu Juu ya Jeneza

Mama alifariki siku tatu kabla ya Malkia. Alikuwa amesafisha ofisi za Croydon, huku Uingereza, kwa miaka ishirini na miwili, na alikata roho hospitalini huku nimemshika mkono. Tukapanga kumzika Jumatatu. Mama mdogo, ndugu yake pekee aliyebaki, alikuja kutoka Songea na tiketi ya kurudi Jumatano. Ni mwalimu wa sekondari, na mkuu wake hakuwa mtu wa kuongeza siku.

Kisha ikatangazwa kwamba Malkia naye atazikwa Jumatatu hiyohiyo, na nchi nzima itapumzika. Bwana wa kampuni ya mazishi akanipigia simu.

"Tunakushauri uahirishe hadi wiki inayofuata," alisema kwa upole. "Familia nyingine zote zimekubali."

"Mimi sijakubali."

"Itakuwa siku ya maombolezo ya taifa."

"Hata mimi nina maombolezo."

Akasema gari na wabebaji angeweza kunitafutia, lakini makaburini hapangekuwa na mchimbaji. Asubuhi iliyofuata nikaenda makaburini mwenyewe. Msimamizi alinieleza mara tatu kwamba haiwezekani, na mara zote tatu nilibaki kitini. Mwishowe akamwita mchimbaji, Mwingereza wa makamo mwenye matope mpaka magotini, nadhani ili yeye ndiye anifukuze. Yule mtu alinisikiliza hadi mwisho. "Nitachimba Jumapili," akasema, "na Jumatatu nitakuja. Malkia ana watu wa kutosha."

Siku zile televisheni ilikuwa haizimwi. Tulikaa sebuleni, mimi, kaka yangu na mama mdogo, tukitazama watu wakipita mbele ya jeneza la Malkia, taji likiwa juu yake. Wengine walipiga goti, wengine walishindwa kuondoka mpaka askari awaonyeshe njia. Mzee mmoja alisimama, akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, kisha akaenda zake. Nilishangaa kujikuta nalia. Nililia kwa hasira pia, maana mama hakuwahi kupangiwa foleni na mtu.

"Lile taji ni la kweli?" mama mdogo aliuliza.

"La kweli."

"Atazikwa nalo?"

"Hapana. Litaondolewa kabla hajashushwa."

Akafikiri kidogo. "Na dada yangu atawekewa nini juu?"

Niliinuka, nikaichukua aproni ya mama ya bluu nyuma ya mlango wa jikoni. Bado ilinuka dawa ya sakafu. Kaka yangu aliposikia nia yangu, uso ulimbadilika. Yeye ni mhasibu, anavaa suti hata Jumamosi.

"Utatuaibisha. Kanisa zima litajua mama alikuwa mfagiaji."

"Linajua. Nusu yao walifagia naye. Anayeficha ni wewe."

"Weka maua kama watu wengine."

"Maua hakuyavaa kwenda kazini."

Kwa siku mbili tulipitana kwenye korido bila salamu.

Jumatatu maduka yalikuwa yamefungwa na barabara tupu. Aproni ilionekana wazi juu ya jeneza kupitia kioo cha gari, nimeipiga pasi na kuikunja mara moja tu ili mfuko wake uwe juu. Karibu na kituo cha tramu alisimama mzee mwenye medali kifuani. Gari lilipomfikia alikaza mgongo, akapiga saluti.

"Amedhani ni mtu mkubwa," kaka yangu akanong'ona.

"Amekosea wapi?" mama mdogo akamuuliza.

Makaburini akina mama wa kanisa walianza kuimba kabla jeneza halijatoka garini. Walikuwa zaidi ya thelathini, na sauti zao zilijaa ule uwanja mtupu. Saa sita kasoro dakika chache msimamizi akaja mbiombio na koti lake jeusi.

"Tafadhali, nchi inakaa kimya dakika mbili. Naomba mnyamaze."

Wanawake wakanitazama. Ningeweza kunyamaza, zilikuwa dakika mbili tu, na yule marehemu mwingine hakunikosea lolote. Lakini mama alikuwa amepita katika majengo yao kwa miaka yote hiyo kimya, akiingia kabla yao na kutoka kabla hawajafika.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "wenu mnyamazieni. Huyu tunamwimbia."

Nikaanzisha ubeti mimi mwenyewe, ingawa sina sauti. Wakaupokea kwa nguvu kuliko mwanzo. Msimamizi alirudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa, akabaki hapohapo.

Wabebaji waliposhika kamba, mmoja akanyoosha mkono kuiondoa aproni. Kaka yangu akamzuia. "Iache," alisema. "Atazikwa nayo. Ni yake." Nilimtazama, naye akatazama pembeni.

Mchimbaji alikuwa na mashine ya kufukia. Nikamwomba makoleo, kwa sababu kwetu hatumwachii mashine mtu wetu. Alileta manne. Kaka yangu alivua koti la suti, akampa mama mdogo alishike, akafukia mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza. Tulibaki wote mpaka udongo ukasimama kichuguu.