Maji Niliyoambiwa Nyamirembe

Kuoga kule kulinigharimu jozi ya viatu, mche wa sabuni na safari nzima ya dagaa. Nimehesabu mara mbili. Usiniambie niliota, maana ndoto hailowanishi bukta. Wala usiniambie mizimu ni ya usiku, maana jua lilikuwa limeshachomoza.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Makambi ya Ngara yalikula dagaa nyingi kuliko tulivyoweza kuyapelekea, nami nilikuwa mmoja wa waliozifuata Nyamirembe, ziwani, upande wa Biharamulo. Kwetu ni Ngara mjini, ila babu yangu alitoka Pangani. Bahari sijaiona hata siku moja. Lakini watu wakisikia ukoo wenu ni wa pwani wanadhani mmezaliwa na mapezi, na mimi, kwa upumbavu wangu, sikuwa nakanusha.

Kule wana desturi. Anayetoka majini ndiye anayemwambia anayeingia maji ya siku hiyo yakoje: wapi ya moto, wapi ya baridi, wapi pana kina. Mtu mkavu hasemi neno. Asubuhi ile nilipopita na sabuni yangu, Mama Nyamizi, muuza uji niliyefikia kwake, alinitazama tu. Nikamwambia watu wa pwani hawaulizi maji. Akaendelea kukoroga.

Ufukweni hapakuwa na mtu, isipokuwa mzee mmoja aliyesimama ziwani, maji yamemfika kifuani. Nikampa shikamoo. Akaipokea, nzima, bila haya.

"Maji ni vuguvugu mpaka jiwe la tatu," akasema kabla sijauliza. "Mchana upepo ukigeuka, baridi itapanda kutoka chini. Sasa hivi ni shwari. Chini ni mchanga mtupu. Njoo mpaka hapa nilipo, mwanangu."

Ungekataa wewe? Mimi nikipewa kitu cha bure hukigeuza pande zote kwanza. Hiki sikukigeuza. Nikavua viatu, nikaingia. Jiwe la kwanza, vuguvugu. La pili, kama maji ya kumwogeshea mtoto. La tatu nikalipita, nikakanyaga, na hapakuwa na cha kukanyaga. Baridi ilinidaka mguu wa kushoto. Nilizama macho wazi, na niamini, nikamwona mzee kwa chini: kifua, mbavu, halafu maji meusi. Miguu hana. Mchanga hakuna. Pasipo na chini, yeye amesimama.

Nilijikuta nimekumbatia lile jiwe la tatu, natapika ziwa.

Nilipomsimulia Mama Nyamizi hata mwiko hakuuweka chini. Akasema yule ni mchuuzi wa dagaa aliyezama zamani, kabla ule mchanga haujachukuliwa na maji.

"Hajakudanganya, baba. Amekuambia maji ya siku yake."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunionya.

"Mimi nilikuwa mkavu. Na wewe ulisema hamuulizi."

Hebu lipime jibu hilo. Kijiji kizima kinajua, na midomo imefungwa eti kwa sababu ya ukavu! Sikungoja dagaa, viatu sikuvirudia. Nikadandia lori peku mpaka Lusahunga, njiani kurudi Ngara, na hakuna hata mmoja niliyemwambia yale maji niliyotoka yakoje.

Mguu ule mpaka leo ni wa baridi; jua la saa sita nauvalisha soksi. Hilo nimelizoea. Nisilozoea ni hili. Mwezi uliopita, palepale Lusahunga, dereva wa fuso nisiyemjua alinikunja shati mbele ya wauza mahindi.

"Mzee, ulituambia chini ni mchanga. Mwenzangu nimemzika."

Nikaapa kwamba Nyamirembe sijakanyaga tena tangu miaka ile. Akasema nilikuwa nimesimama ziwani, maji kifuani, na shikamoo zao zote mbili nilizipokea.

Nani alimpa ruhusa ya kuvaa uso wangu? Mtu amekufa kwa maneno ambayo sikuyasema, na lawama ni yangu. Basi nawe usipokee habari za maji kwa mtu ambaye hujamwona akitoka.

Nimemtumia Mama Nyamizi salamu. Amejibu kwamba nilitoka majini nikaondoka bila kusema, na kwamba itakoma siku nitakayosimama ufukweni na kuwaambia watu ukweli wa pale. Lakini mkavu hasikilizwi. Ili niseme, lazima kwanza niingie, mpaka jiwe la tatu, na mguu huu huu. Nishauri basi. Ungekuwa wewe, ungeingia?