Chai ya Ijumaa

Mpaka leo nikimwona kijana ameacha kikombe cha chai nusu mezani, damu inanichemka. Niliupata ugonjwa huu Kariakoo, miaka ile biashara ilipokuwa ruksa kwa kila mtu na kila chumba chenye mlango wa barabarani kikageuka duka.

Chama kimoja cha kusaidia walemavu kilipanga chumba karibu na Mtaa wa Msimbazi na kufungua mgahawa. Wapishi na wahudumu wote walikuwa kina mama wenye ulemavu, na faida ilikuwa yao. Mimi niliajiriwa kusimamia. Nilikuwa msichana wa Magomeni, nimetoka shule juzi, na sikuwahi kuendesha hata genge la nyanya. Juu ya mlango kikatundikwa kibao cha bluu: MGAHAWA WA KINA MAMA WALEMAVU. KUNYWA CHAI, UWASAIDIE. Maneno hayohayo tukachapiwa kwenye fulana. Siku ya ufunguzi tulipigwa picha chini ya kibao, meno nje, tukidhani tumemaliza kazi.

Mpishi wetu alikuwa mama wa makamo ambaye miguu yake ilipooza tangu utotoni. Alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Kabla ya mgahawa, kila Ijumaa alikaa juu ya kipande cha boksi nje ya maduka ya jumla, pamoja na wenzake, kungoja sadaka. Aliyekulia Kariakoo anajua, Ijumaa wenye maduka huweka sarafu tayari kaunta na ombaomba hupita mlango hadi mlango.

"Mwanangu," aliniambia siku alipofunga aproni mara ya kwanza, "lile boksi nimelichoma moto. Hapa pakifungwa sijui nitauweka wapi uso wangu."

Nikamwambia hapatafungwa. Nilisema kwa uhakika kabisa, kana kwamba wateja nilikuwa nimewafungia stoo.

Wateja tuliowataka ni vijana. Ndio waliokuwa na hamu ya kula nje: wauzaji wa madukani, wanafunzi wa vyuo, wale waliovaa jinzi mpya na kutembea kama barabara ni yao. Wakaja kweli. Walikuja Ijumaa. Jumatatu hadi Alhamisi nilikuwa nafukuza nzi, halafu Ijumaa mgahawa unafurika, na nusu ya waliofurika hawakai hata kitako.

"Dada, mambo?"

"Poa. Karibu, keti."

"Aa, sina nafasi. Shika hela hii ya chai."

"Chai yako naipeleka wapi sasa?"

"Mpe yeyote, dada. Si Ijumaa leo?"

Wamelitoa boksi nje, wameliingiza ndani! Waliokaa nao walikuwa afadhali kidogo tu. Walizungumza kwa kunong'ona, kama wamekuja kumwona mgonjwa wodini. Walikunywa mafunda mawili, wakaacha nusu, wakaacha na chenji, wakachungulia dirisha la jikoni na kusema, "Tamu sana mama, Mungu akubariki." Kisha wakavuka barabara kwenda kwa muuza chipsi aliyewatukana kutwa nzima, wakapanga foleni kwake.

Na chai haikuwa tamu. Mpishi wetu alikuwa na mkono mzito wa tangawizi, na chapati zake siku nyingine zilikuwa nene mno. Mambo ya kurekebishika hayo. Kwingine kokote mteja angepiga kelele na mpishi angerekebisha. Kwetu, mama wa watu alivipokea vikombe vikiwa nusu, akaniuliza, "Wamesemaje?" Nami sikuwa na la kumwambia isipokuwa kwamba wamembariki.

Asubuhi moja mvua ilimwingiza mchuuzi wa mitumba, suruali zimemjaa begani. Alikuwa anakimbia kichwa chini, kibao hakukiona. Akaagiza, akanywa, akakohoa.

"Aisee, nani kapika chai hii? Tangawizi yote hii, kuna mtu ana mafua humu? Na chapati nene kama ndala! Bi mkubwa, nibadilishie bwana!"

Nikasikia kicheko jikoni. Mpishi alikuwa anacheka kwa sauti, na tayari ameshika mpini wa kusukumia, anaipunguza chapati nyingine unene. "Ngoja, mwenye domo," akamjibu, "nakuletea utakayojing'ata nayo vidole!" Miezi yote ile sikuwahi kumwona hivyo. Nilitamani kumkumbatia yule mchuuzi na suruali zake zote.

Lakini meza ya pembeni walikaa wanafunzi wawili wa chuo. Mmoja akamvuta shati. "Kaka, huna huruma? Kibao hujakisoma?" Akamwonyesha dirisha la jikoni, na nyuma yake ile baiskeli. Mchuuzi akatazama. Akanywea.

"Samahani, maza. Sikujua. Chai nzuri tu." Akaigida yote, macho yanamtoka machozi, akaacha noti, akarudi mvuani.

Mpishi akauweka mpini chini. "Alikuwa anaongea vizuri," akasema. Chapati ile nyembamba iliungulia kwenye kikaango, hakuna aliyeigeuza.

Jioni hiyohiyo akaniambia kibao kitolewe. Nikakipeleka kilio chamani. Wakaniitia kikao, wakanipa soda, wakanieleza kwa upole kwamba bila kibao wafadhili watajuaje kuwa mgahawa ni wetu. Nikasema mgahawa ni wa kina mama. Wakatabasamu. Nilitoka pale nikitamani kuuma mtu.

Mvua za mwaka uliofuata hazikutukuta. Chumba kilichukuliwa na muuza redio, na ahadi yangu ikaishia hapo. Chama kikanibakiza ofisini. Kila Ijumaa nilikatiza mitaa ya maduka ya jumla nikiwa na hofu, nikiwatazama waliokaa chini mmoja mmoja, nikiomba nisimwone mpishi wetu. Sikumwona. Hilo nalo halikunipa usingizi.

Nikaja kumkuta kwenye kichochoro nyuma ya soko, siku ya Jumanne. Meza ndefu, kitambaa kimeshuka hadi chini, yeye nyuma yake kwenye kigoda kirefu, jiko linawaka. Vijana wamemzonga.

"Maza, ya jana iliungua!"

"Kwani ulikosa meno? Chukua hii, lete hela, usinizibie njia."

"Na chenji yangu!"

Nikajipenyeza katikati yao, furaha imenijaa. "Shikamoo, mama!"

Hakunitazama usoni. Alitazama kifua changu. Nilikuwa nimevaa fulana ya chama.

"Marahaba," akasema taratibu. "Mwanangu, hiyo nguo. Utaniharibia."

Kweli, kijana mmoja alikuwa ameshaanza kunisoma kwa sauti: "Mgahawa wa kina mama..." Nikaukumbatia mkoba haraka, maneno yote yakafichika. Nikanunua chapati, nikaimega hapohapo. Katikati haikuiva.

"Mama, hii mbichi!" nikasema, kichochoro kizima kikasikia.

Akanisonya, akanibadilishia.