Kizibo Changu na Ndoo ya Makombo

Hii aibu mkiisikia kwa mwingine ataitia chumvi, kwa hivyo afadhali niwasimulie mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza shule tu, taya la kushoto limevimba (nyumbani waliniita Shavu, na mimi nikaitika), na picha ikaonyesha mfuko wa maji umejificha ndani ya mfupa, unaula polepole. Nilienda Kitale nikijua nitakatwa taya. Daktari akasema, "Wewe bado mdogo, mfupa wako utajijenga. Tunatoboa kidirisha tu hapa kwa ufizi, maji yatoke." Akaniwekea kizibo kidogo cha plastiki, nikawa nakitoa baada ya kula, naosha shimo kwa maji ya chumvi, nakirudisha. Onyo lilikuwa moja: kikikaa nje shimo linajiziba, na likijiziba ni kuanza upya, pengine kwa kisu kikubwa.

Basi wakaja wageni kutoka Kachibora kumposa dada yangu, kwetu Bumula, na baba akanipa kazi ya kuwakaribisha. Kile kizibo kilikuwa kinanifanya nirushe mate kila nikiongea.

"Usikitoe," mama aliniambia mapema, maana ananijua.

Nikakitoa. Nikakifunga kwa tishu, nikaiweka kando ya sahani, nikasimama nikaongea Kiswahili cha redio, wazee wakapiga makofi, nikavimba kichwa nikasahau taya, nikala kuku, nikacheka na shemeji mtarajiwa, na nilipogeuka sahani haikuwepo wala tishu, shangazi alishamwaga kila kitu kwa ndoo ya makombo.

Niliogopa sana. Nikapiga magoti nyuma ya jiko, mikono ndani ya ugali na mifupa, mbwa ananisaidia upande wake. Ndipo nikasikia sauti.

"Mwanangu, si chakula bado kiko mezani?"

Alikuwa mama ya bwana harusi, na wazee wawili nyuma yake. Ilibidi nifungue mdomo nimwonyeshe shimo, nimweleze.

"Ati uko na dirisha mdomoni, na umeliacha wazi juu ya hotuba?"

Hakucheka. Alikunja mikono ya gauni lake la sherehe, akapiga magoti kando yangu, na ni yeye aliyekipata, tishu imeganda kwa mchuzi.

Tulikiosha, kikarudi kwa machozi, maana shimo lilikuwa limeanza kubana. Usiku ule niliwaza sana: nilikuwa tayari kupoteza taya zima ili wageni wasione mate yangu. Mfupa sasa umejaa, namshukuru Mungu, lakini niliapa nisiwahi tena kujirembesha kwa kuvua kinachoniponya.

Siku ya harusi niliongea kizibo kikiwa mahali pake, na mate yakaruka hadi meza ya mbele. Pale alikuwa ameketi yule mama. Alijipangusa shavu kwa tishu, kisha akaifungua akaikagua vizuri kabla ya kuitupa.