Doa Lililopimwa kwa Penseli

Nyumba yetu ilikuwa na ghorofa moja juu, paa la zege la kufulia na kuanikia nguo, na wapangaji wenye akili nyingi kupita kiasi. Tulijua nani kagombana na mkewe kwa namna mlango ulivyofungwa. Kwa hiyo doa la maji lilipotokea kwenye ukuta wa Fundi Cherehani, chumba cha chini, tena kiangazi, wakati mvua tumeisahau, hatukuona haja ya kutafuta chanzo. Juu ya chumba kile aliishi Shangazi, na hilo lilitutosha.

Hakuwa shangazi wa yeyote kati yetu. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mpishi mstaafu wa bweni la shule, mguu mmoja mzito, salamu zake za mkato. Hizo salamu ndizo zilizomponza.

"Anaogea chumbani," akasema mke wa Cherehani. "Mguu haumfikishi bafuni, basi anajimwagia humohumo."

Hakuna aliyemwona akijimwagia. Hakuna aliyeuliza nani kamwona. Kufikia jioni sote tulikuwa tumesikia maji yakimwagika kule juu, hata mimi, ambaye chumba changu kiko upande wa pili wa ua na nikilala hainiamshi hata ngoma.

Mwenye Nyumba akampa Shangazi notisi: mwisho wa mwezi ahame. Alikuwa amekaa pale miaka ishirini na miwili. Ili mambo yaonekane yamefuata taratibu, akaitwa fundi bomba. Hakuitwa kuchunguza. Aliitwa kuthibitisha.

Fundi aliyekuja alijulikana mtaani kwa jina la Penseli. Mfupi, mpole, penseli nene ya useremala nyuma ya sikio. Hakuzaliwa hivyo. Ujanani alikuwa fundi wa kujiamini, wa kupiga nyundo kwanza na kufikiri baadaye. Siku moja akambomolea dada yake ukuta mzima wa jiko, huku akiapa kwamba bomba limepasuka humo. Halikuwamo hata bomba. Dada yake alipikia uani mwezi mzima, na kila alipomwona alimkaribisha kwa heshima zote: "Karibu, bwana mkubwa, kuna ukuta mwingine huku." Tangu hapo Penseli akajifunza kuandika kabla ya kubomoa. Hata nyumbani kwake, mkewe akitaka kujua gesi ya jikoni imebaki kiasi gani, yeye huumwagia mtungi maji ya moto, akapitisha kiganja taratibu kutoka juu, na pale joto linapogeuka ubaridi huchora mstari. "Gesi imeishia hapa," husema. Gesi yenyewe hajaiona maishani mwake, na mkewe hajawahi kuishiwa katikati ya mapishi.

Alipofika, tulishuka uani wote kumsaidia kwa maneno.

"Andika tu kwamba maji yanatoka juu, tumalize," akasema Mwenye Nyumba.

"Yanatoka juu, ndiyo. Maji hayapandi," akasema Penseli. "Juu wapi?"

"Juu kwa huyo bibi!"

"Nani kamwona?"

Mke wa Cherehani akajibu kwa niaba ya nyumba nzima. "Kwani lazima aonekane? Doa si hilo?"

Penseli hakubishana. Akachora mstari kulizunguka doa, akaandika siku na saa, akaenda zake. Kesho yake akarudi, akachora mwingine. Siku zilivyosonga, doa likawa na mistari ndani ya mistari kama kitunguu kilichokatwa, na sisi tukapata cha kuchekea kila asubuhi.

Siku ya kumi akapanda kwa Shangazi na ndoo ya maji yaliyokorogwa bluu ya kufulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunihamisha?"

"Nimekuja kumwaga maji chumbani kwako."

"Ndivyo wanavyosema nafanya. Haya, mwaga. Angalau leo iwe kweli."

Kabla ya kumwaga, alitoka kwenye ngazi akatutangazia. "Kama maji ni ya huyu bibi, kabla ya kesho jioni doa la huko chini litakuwa bluu. Lisipokuwa bluu, nitatafuta kwingine. Mmenisikia?"

Tulimsikia. Kesho jioni ikafika. Doa lilikuwa la kijivu vilevile, rangi ya maji machafu.

Mngedhani tuliaibika. Kumbe mtu mwenye uhakika haaibiki kirahisi. Karani Mstaafu, aliyewahi kufanya kazi mahakamani na hadi leo huongea kama anasoma hukumu, alitueleza kwamba zege huchuja rangi. Fundi Cherehani akasema labda bluu ilikuwa hafifu. Mkewe hakuwa na shaka hata chembe.

"Huyo bibi mjanja. Kaziba."

"Kaziba na nini?" akauliza Penseli.

"Mimi nitajuaje? Mimi si fundi."

Penseli akaishusha penseli kutoka sikioni. "Basi niambieni. Kitokee nini ndipo mseme si yeye?"

Swali dogo, hata mtoto angelijibu. Hatukulijibu. Nami nilisimama pale na midomo yangu miwili, nikagundua kwamba sikuwa nimeacha nafasi ya kitu chochote duniani kunibadilisha mawazo. Kisha nikaangalia saa, nikajifanya nina shughuli.

Penseli naye alikuwa na dhana yake: bomba la maji safi limepasuka ukutani. Akatuambia tufunge mifereji yote ya nyumba, kisha tutazame mita. "Kigurudumu kikizunguka na mifereji imefungwa, basi maji yanapotelea ukutani." Tukafunga. Tukainama juu ya mita kama watu wanaotafuta sindano. Kigurudumu kilitulia tuli.

"Nimekosea," akasema Penseli, akaandika: *Si bomba la maji safi.*

Furaha tuliyopata! "Fundi kakosea! Fundi kakosea!" Karani Mstaafu akasafisha koo.

"Unaona, bwana? Hiyo ni nadharia tu. Leo hivi, kesho vile."

"Ni nadharia, mzee, sikatai," akasema Penseli. "Niliwaambia mapema itakavyoshindwa, na imeshindwa mbele yenu, nimeifuta. Sasa ya kwenu ninyi itashindwaje? Bluu haikutokea, mkasema kaziba. Ingetokea, mngesema si tulisema! Hiyo hata nadharia haijafika. Ni umbeya umevaa suti."

Akarudi kwenye kitunguu chake cha mistari, akachuchumaa hapo muda mrefu. Kisha akauliza bila kugeuka, "Jumatano na Jumamosi kuna nini katika nyumba hii?"

Tulijua sote. Jumatano na Jumamosi ni siku zetu za kufua, kule paani, kila mmoja na ndoo zake. Kila mmoja isipokuwa Shangazi, ambaye mguu haumfikishi, na nguo zake hufuliwa kwa mtoto wa kaka yake.

"Doa hukua siku hizo tu," akasema Penseli. "Ndani ya ukuta huu kuna bomba lililokufa. Linaanza paani mnapofulia, linapita nyuma ya chumba cha bibi bila kumlowesha, linakatikia hapa."

Mwenye Nyumba akapandisha mabega. "Nyumba hii kajenga marehemu baba. Hakuna bomba humo. Wewe umeliona?"

"Bado."

"Sasa unalisemaje?"

"Kwa mistari. Kesho Jumamosi. Fueni kama kawaida, nitawapa bluu mmwage hapohapo. Saa nne doa litaanza kuwa bluu, likianzia juu. Lisipokuwa, mtanicheka kwa raha zenu, na mimi nitawashikia ndoo."

Jumamosi tulifua kwa bidii ambayo nguo zetu hazijawahi kuiona. Saa nne tukajazana chumbani kwa Cherehani. Hakuna kitu. Saa tano, hakuna kitu, na Karani Mstaafu akaanza kutabasamu. Uani mkokoteni ulikuwa umefika. Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumatatu, na yule mtoto wa kaka alikuwa akiteremsha vitu vya Shangazi: sufuria, kabati la vyombo, godoro lililoviringwa na kufungwa kamba. Shangazi alikaa juu ya godoro, bakora mapajani, akitazama geti.

Saa sita kasoro, Cherehani akasema, "He."

Bluu ilikuwa inatoka. Haikuanzia juu kama fundi alivyosema. Ilichomoza pembeni kushoto, uzi mwembamba kama mshipa, ukanenepa, ukateremka. Penseli akaandika: *Saa na mahali nimekosea.* Kisha ndipo akashika nyundo. Matofali mawili tu, na hilo hapo: bomba la zamani, limeliwa na kutu, mdomo wazi, likitema povu la bluu lenye harufu ya sabuni ya kila mmoja wetu.

"Mimi nilisema ni paa," akasema mke wa Cherehani.

"Kwa ushahidi huu shauri limekwisha," akasema Karani Mstaafu, kana kwamba yeye ndiye aliyelipigania.

Mwenye Nyumba akatoka uani, akasimama mbele ya godoro. "Mama, kwa huruma yangu, ile notisi nimeifuta."

"Huruma ya nini?" akauliza Shangazi. "Nimekosa nini nikahurumiwa?"

Mwenye Nyumba akakumbuka ana simu ya kupiga. Penseli akapita na ndoo yake, na Shangazi akamzuia kwa bakora.

"Na wewe, fundi. Uliniamini tangu mwanzo?"

Angeweza kusema ndiyo. Tulimtaka aseme ndiyo, sisi watu wapole.

"Hapana, bibi. Sikukuamini wala sikukushuku. Bluu ile ya kwanza ingetokea huku chini, ningeandika ni wewe."

Shangazi akamkazia macho. Kisha akacheka, na kwa miaka yote niliyoishi pale sikuwahi kuisikia sauti hiyo.

"Huyu mtoto wa kaka yangu aliniamini tangu siku ya kwanza," akasema. "Ndiye aliyeleta mkokoteni."

"Shangazi, mimi nilidhani..."

"Nyamaza. Shika godoro upande ule." Akatugeukia sisi tuliokuwa tumejipanga ukutani. "Na ninyi, majirani, mikono mnayo? Pandisheni vitu."

Tukapandisha. Mimi nilipangiwa kabati la vyombo. Lilikuwa zito, ngazi ilikuwa nyembamba, na Shangazi alinisimamia kila hatua nisimvunjie kitu.