Uso Nyuma ya Yangeyange

Mtu asinidanganye kwamba picha ya nyeusi na nyeupe ni kazi rahisi. Ndege mweupe ndiye mtihani wenyewe. Ukikosea mwanga kidogo tu, manyoya yote yanageuka chokaa. Ndiyo maana siku ile, kwenye kinamasi cha Nyamigogo, nilipima mwanga wa yangeyange peke yake. Rafiki yangu, mkulima wa huko huko, alikuwa amechuchumaa nyuma yake kwenye kivuli cha matete. Kazi yake ilikuwa kumsogeza ndege polepole kuelekea kwangu, na alimsogeza mpaka ndege akamkinga kifua chote.

"Na mimi nitatokea?" alininong'oneza.

"Nyamaza bwana, utamrusha!"

Watu wa Biharamulo mjini waliniita Bwana Ndege. Walicheka kwamba wenzangu wanapiga picha za harusi, mimi namalizia filamu kwa viumbe visivyolipa. Waache wacheke. Picha ile ilitoka nzuri, haki ya Mungu. Ungeona unyoya mmoja mmoja.

Kisha vita ikaja. Rafiki yangu alikuwa mgambo, akapanda lori na wenzake, hakurudi. Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyempelekea mama yake habari, kwamba amezikwa huko huko mbele. Mbele wapi, hata yeye hakujua.

Siku chache baadaye yule mama alikuja kwangu kwa miguu, vumbi hadi magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumchukua mtoto wangu."

Nilidhani akili imemruka. Akakaa chini, akanieleza. Kwao, mwili usipopatikana, huzikwa kipande cha mgomba mahali pake. Bila kuzika, matanga hayaishi. Hakuna wa kunyoa nywele wala wa kushika jembe, na mvua zilikuwa zimeshaanza. Shemeji yake, mkubwa wa ukoo, alikuwa ameshakata mgomba wenyewe. Mama akakataa mbele ya watu wote.

"Mimi sikuzaa mgomba," aliwaambia.

Alikumbuka mwanawe aliwahi kujisifu kwamba yumo kwenye picha yangu. Shemeji akakubali kwa shingo upande: haya, itazikwa picha, lakini uso uonekane sawasawa, na ndege asiwemo, wasije wakachekwa kwamba wamezika ndege. Isipofika kesho kutwa, unazikwa mgomba.

Ndege asiwemo! Na amekaa kifuani pa mtu, ningemtoaje?

Chumba changu cha giza kilikuwa stoo ya kawaida, dirisha limezibwa kwa blanketi, na mashine ya kukuzia picha ilitumia betri ya gari. Miezi ile sabuni haikupatikana, chumvi haikupatikana, sembuse karatasi za picha. Nilibaki na karatasi laini chache, zile zinazotoa kijivu cha kila aina, na moja kali, ambayo kwake kitu ni cheusi au ni cheupe, katikati hakuna mengi. Nikaanza na laini. Yangeyange akatokea kama kawaida yake, maridadi. Mtu nyuma yake alikuwa mweusi kama kitako cha sufuria.

Nikachukua kijiti cha waya chenye duara la boksi nchani, nikaukinga uso usipigwe na mwanga mwingi huku ndege akiendelea kupata wake. Uso ukatoka wa kijivu, bapa, kama umepakwa majivu, hauna macho wala pua. Nikarudia. Nikarudia tena, mpaka karatasi laini zikaisha zote. Nililia kwa hasira, wala sioni aibu kusema. Kwenye negativu, ule mkanda wenyewe wa filamu, uso ulikuwepo! Hafifu mno, lakini nikiinamia kioo cha kukuzia niliuona, na haukukubali katakata kutoka pamoja na ndege.

Basi nikamwacha ndege. Nikaweka ile karatasi kali, nikaipa mwanga kidogo sana, kufumba na kufumbua, nikaitia kwenye sinia la dawa. Kikaja kidevu, ukaja mdomo ulio wazi kidogo, wa mtu anayebana pumzi, yakaja na macho. Yangeyange hakuja. Mahali pake pakabaki weupe mtupu, kuanzia shingoni hadi chini. Picha niliyoipenda kuliko zote nilikuwa nimeiharibu, na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza siku ile.

Mama aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama sana.

"Huu weupe ni nini?"

"Ni yule ndege, mama. Nimemfuta."

"Koma! Usimtaje tena. Mwanangu kavaa shuka."

Tulikwenda kuzika kwenye mahame yao, walikoishi kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, maana makaburi ya baba zao yalibaki huko, porini sasa. Shimo lilichimbwa dogo kama la kichanga. Shemeji aliinua picha kwenye mwanga, akaikagua, akaikagua tena.

"Shuka hili alilipata wapi?"

"Jeshini," mama alimjibu.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akamrudishia aiweke mwenyewe. Mama akapiga magoti pembeni mwa shimo, akashusha mkono, akaurudisha. Akaushusha tena, ukakataa.

"Ananitazama," alisema. "Nitamfukiaje mtu ananitazama?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilitamani niwe nimeshindwa ile kazi, wazike mgomba wao yaishe.

"Mlaze kifudifudi, shemeji," mzee alisema taratibu. "Hutamwona."

Mama akageuka, akamkazia macho.

"Mwanangu halali kifudifudi."

Akamlaza chali. Akachota udongo kwa kiganja chake, akaumwaga juu ya macho kwanza.