Mama Alipokuja Kusikiliza Hadithi ya Vita

Juzi tairi la lori lilipasuka karibu na soko, na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikajikuta nimechuchumaa. Msinicheke. Mlio ule ulinirudisha Shelui, nikiwa darasa la tatu.

Baba alikuwa askari, amepelekwa nje ya nchi kulinda amani. Mama aliwapikia madereva wa malori kando ya barabara kuu. Shuleni, Mwalimu Zuhura alikuwa ametuanzishia hadithi ya mtoto aliyejificha uvunguni mwa kitanda huku kijiji chao kikipigwa mabomu. Ilipofika patamu kengele ikalia, akafunga kitabu.

Jioni hiyo tairi likapasuka mbele ya banda la mama. Nikajitupa chini ya meza, katikati ya miguu ya madereva, nikipiga kelele, "Wamekuja!" Wao walicheka. Mama hakucheka. Alinivuta nje, nikamweleza yote.

Kesho yake aliingia darasani bila hodi, kanga kiunoni, mikono ina unga. Tulisimama kumwamkia, hakuitikia.

"Mwalimu, hivi hawa ni wa kusomewa vita?"

"Mama Neema, tukikatisha hapa watabaki na mabomu tu. Kaa, tumalize."

Mama alitazama mlango, akatazama dawati langu, akaja kujibana pembeni yangu.

Mwalimu akasoma polepole. Baba wa yule mtoto, aliyekwenda vitani, hakurudi. Mtoto na mama yake wakalima shamba lilelile lililoungua, wakapanda mtama. Nikasikia pumzi ya mama ikikatika. Alikuwa analia mbele ya darasa zima, wala hakujifunika uso.

Njiani ndipo akaniambia kuwa simu ya baba ilikuwa haipatikani kwa wiki kadhaa. "Sikutaka ujue, mwanangu." Nikamshika mkono. Niliogopa sana, lakini tuliogopa wote wawili.

Baba alipiga simu baadaye, na mwaka uliofuata akarudi, amekonda, sikio moja halisikii.

Siku hizi wazazi wenzangu wakibishana kama watoto wadogo wasomewe habari za vita, mimi huchelewa kujibu. Kwa miaka mingi niliamini mama alikuja kunikinga na kitabu. Nilielewa baada ya kuzaa: vita vilishaingia nyumbani kwetu kabla mwalimu hajafungua kitabu, na mama alikuwa navyo peke yake, akiwapakulia watu wali na kuwauliza kama chumvi imekolea.