Mguu Mmoja Ulitosha

Petroli ina ladha. Watu wengi wanaijua kwa harufu tu, lakini mimi nimeionja: inachoma ulimi, inapanda puani, na hata ukisukutua kwa maji ya chumvi, jioni ukicheua inarudi. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilikuwa nikitafuna majani ya mpera kila nilipomaliza kazi yangu, ili mama asinuse kitu. Hadi leo nikiingia kituo cha mafuta hufunga vioo vyote, na wanaodhani kifua kinanisumbua siwakatalii. Kifua changu ni kizima. Ni aibu tu.

Tulikaa nje kidogo ya mji wa Busia, na baba alikuwa na pikapu kuukuu ya bluu aliyobebea ndizi kutoka Malaba hadi soko la Butula. Ilikuwa auto, ya kujibadilishia gia yenyewe, na hakuichagua hivyo kwa madaha. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa mtoto mdogo, ukakonda, na alitembea kwa fimbo. Auto haina klachi, kwa hiyo mguu wa kulia ulifanya kazi yote. "Mguu mmoja unatosha," alikuwa akisema, akicheka. Ndani ya pikapu ile baba alikuwa mtu mwingine kabisa. Alipatana bei, akasalimia, akataniana na wachuuzi, yote kupitia dirishani, na wengi wao pale Malaba walimjua kwa miaka bila kujua kwamba ni mlemavu. Jumamosi nilikuwa nikikaa kando yake, kiwiko nje ya dirisha, nikijiona binti wa mtu mkubwa.

Mwaka huo nilikuwa najiandaa kwa kipaimara na nilitaka viatu vyeupe vyenye kisigino kidogo, kama vya wenzangu. Baba alisema vya shule vitapakwa rangi, basi. Siku hizo palikuwa na watu kando ya barabara waliouza petroli kwa chupa, hasa kwa waendesha bodaboda, na mmoja wao, jamaa mnene aliyekaa kwenye njia yetu ya shule, hakuwa mtu wa maswali. "Leta tu, dada," aliniambia. Basi alasiri, baba akiwa amejinyoosha baada ya chakula, nilitumbukiza mpira kwenye tangi la pikapu, nikanyonya, nikajaza chupa mbili. Baada ya wiki chache nilikuwa na viatu, na mama nilimdanganya kwamba vimetoka kwa shangazi wa Namboboto. Ningeacha hapo, pengine leo nisingekuwa na la kuandika. Sikuacha. Nilikuwa nimeonja soda na chipsi za kila siku, na zile chupa mbili zikawa mtungi wa lita tano.

Baba alianza kuukodolea macho mshale wa mafuta kila asubuhi. Alikagua tangi, hakuona panapovuja. Mwishowe alikwenda kwa Barasa, fundi wake wa siku zote, nami nikafuatana naye. Barasa alilala chini ya gari, akagongagonga, akatoka akipangusa mikono kwa kitambaa.

"Shida ni hii auto, mzee. Imezeeka, inakunywa mafuta kama ng'ombe. Wacha tutoe hii giaboksi tuweke ya manual. Kuna moja iko Tororo, ya gari kama hii yako."

"Na klachi?" baba akauliza.

Barasa aliutazama ule mguu, akageuza macho upesi. "Itabidi uzoee, mzee. Ama utafute dereva."

Baba akasema mguu utazoea. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika fimbo yake. Sentensi moja tu ingemwokoa. Nilitazama viatu vyangu.

Gari lilipotoka kwa fundi nilikuwa nimeshautupa mpira chooni kwa woga. Kwa hiyo, bila shaka, mafuta yakaacha kuisha ovyo. "Si nilikuambia?" Barasa alisema, kifua mbele, na baba akamshukuru mbele ya watu. Aliwasimulia majirani, akawasimulia watu wa kanisani. Nami niliona kwamba kila siku niliyokaa bila kuiba ilikuwa inathibitisha uongo wangu.

Jumapili baada ya misa tulikwenda kufanya mazoezi kwenye uwanja wa shule. Ili kukanyaga klachi, baba alilisukuma goti la kushoto kwa mkono wa kushoto. Lakini mkono huo huo ndio uliotakiwa kwenye gia, na wa kulia ulishika usukani. Mikono haikutosha. Basi yeye alisukuma goti, akasema "Sasa!", na mimi nikavuta gia. Jasho lilimtiririka mpaka kola ikalowa. Tulipozunguka uwanja mara mbili bila gari kuzima, alinigeukia akitabasamu.

"Angalia mshale, mama. Umeona vile mafuta haiendi sasa? Hii taabu iko na faida."

"Naona, baba," nikajibu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Malaba. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, na tulilazimika kusogea hatua moja moja, goti, "Sasa!", gia, tena na tena. Mahali penye mwinuko mkono wa baba uliteleza. Pikapu ilirudi nyuma ikagonga lori. Utingo wake alishuka kwa hasira, akafungua mlango wetu, akamkuta baba ameushika mguu wake kwa mikono miwili.

"Kumbe mzee ni kiwete! Nani alikupea gari?"

Wale wachuuzi wa dirishani walisogea wote kutazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimpa baba fimbo yake, akashuka mbele ya macho yao, na tangu siku hiyo hakuendesha tena. Kijana mmoja aitwaye Ekirapa akawa dereva, baba akahamia upande wa abiria, na baada ya miezi kadhaa akaacha hata kwenda.

Siku hizi chupa za petroli zimepungua barabarani, vituo vimejaa, na mimi nina gari langu dogo, auto. Mwezi uliopita nilikuwa nampeleka baba Butula. Aliitazama gia yangu, akatikisa kichwa.

"Hizi hukunywa mafuta. Itoe, mama. Unakumbuka vile yangu ilitulia?"

Nilisimamisha gari kando ya barabara. "Baba, mafuta nilikuwa nanyonya mimi. Vile viatu vya kipaimara."

Lori lilipita, likafuatwa na lingine. Nilingoja anitukane, ningeshukuru.

"Kwa hivyo ile giaboksi haikuwa na makosa," akasema.

"Haikuwa, baba."

Alitikisa kichwa polepole, mkono ukiwa juu ya goti lake la kushoto. Nilishuka, nikazunguka, nikamfungulia mlango na kumnyooshea ufunguo. Nilimwambia gari halina klachi, aendeshe yeye. Aliutazama usukani.

"Macho imeisha, mama," akasema. "Endesha tu wewe."